Kabati la Kadi: shajara ya mradi wa walimu wa Wakhan, 2018–2019

Khorog, 20 Agosti 2018

Nimefika juzi usiku. Kutoka Dushanbe, mji mkuu wa Tajikistan, hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500. Dereva alisema saa kumi na nne, zikawa kumi na tisa, maana kifusi kilikuwa kimeziba njia mbele ya mji wa Qal'ai Khumb na ikabidi tukae tusubiri katapila. Sehemu kubwa ya safari unaandamana na mto Panj. Afghanistan iko ng'ambo, karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa uani. Mwili umetulia leo tu.

Nieleze kazi yenyewe, ili atakayepokea shajara hii baada yangu asianze gizani. Ni shule sita ndogo za bonde la Wakhan, wilaya ya Ishkoshim, kusini kabisa mwa Badakhshan ya Milimani. Walimu ni 23, wa darasa la kwanza mpaka la nne. Muda ni mwaka mmoja wa masomo. Shule za Tajikistan zina madarasa 11: manne ya mwanzo, kisha la tano hadi la tisa ambapo elimu ya lazima inaishia, halafu la kumi na la kumi na moja kwa anayeendelea. Tangu 2016 serikali inayahamishia madarasa ya chini kwenye mtaala wa umahiri, na mwalimu anatakiwa aache kukaririsha. Mtanzania akisikia hivyo atatabasamu. Wimbo huo tuliuanza 2005 na bado tunatafuta sauti.

Mpango uliosainiwa unasema hivi: semina ya siku kumi, zana, semina nyingine Januari, na ufuatiliaji mara tatu. Nimeusoma mara mbili. Siku kumi za kalamu na chai, halafu mwalimu anarudi kijijini peke yake mpaka Oktoba. Niliona mpango wa sura hii hii Handeni, na najua ulivyoishia. Lakini umeshasainiwa.

Ishkoshim, 30 Agosti

Semina imekwisha. Picha zimepigwa, vyeti vimegawiwa, chakula hakikuwa na mfano. Waliofika ni 21. Wawili walibaki kukata nyasi za mifugo, na ukiona jinsi kiangazi kilivyo kifupi huku huwezi kuwalaumu.

Kati ya hao 21, waliosomea ualimu wa madarasa ya chini ni tisa. Kati ya wengine wapo mwalimu wa jiografia, bwana kilimo wa shamba la pamoja lililovunjika, muuguzi, na wasichana wawili waliomaliza darasa la kumi na moja mwaka juzi. Hao wawili kijiji kiliwaomba wafundishe kwa sababu hapakuwa na mwingine. Hili si geni nchi hii. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1992 hadi 1997, viliwatawanya wengi waliosomea kazi hii, na mishahara ikawamalizia waliobaki. Mwanamume anayeweza kwenda Urusi huenda Urusi. Kuna miaka fedha zinazotumwa na walioko huko zilipita asilimia 40 ya pato zima la nchi.

Mkubwa wao kwa umri ameanza kazi 1987. Wenzake wanamwita Muallima kwa namna ambayo hakuna anayeuliza ni muallima yupi, nami nitamwita hivyo hivyo humu. Jana wakati wa chakula nilimuuliza ameonaje semina. Alikuwa anamega mkate. Akasema anavyo vyeti tisa nyumbani. "Vya kwanza viliandikwa Kirusi, vya katikati Kiingereza, hivi vya sasa Kitajiki. Mimi nafundisha vile vile." Hakuwa na kinyongo. Alinisogezea mkate.

Kuhusu lugha, siku ya kwanza nilidhani nimepata mteremko. Shule ni *maktab*, kitabu ni *kitob*, daftari *daftar*, kalamu *qalam*, somo *dars*, swali *savol*, jibu *javob*, mtihani *imtihon*. Hata theluji wanaiita *barf*, jambo lililonifanya nicheke peke yangu kama mwendawazimu. Kiarabu na Kiajemi vilipita kwao, vikapita na kwetu Tanga. Nikajiona nusu Mtajiki. Ujuzi huo ulidumu mpaka nilipokutana na watoto, lakini hilo nitaliandika nikishawaona darasani vizuri.

Ishkoshim, 31 Agosti

Kadi za kusomea zimefika kutoka kwa mchapaji wa mji mkuu. Ni 1,380, yaani 230 kwa kila shule, karatasi ngumu, rangi safi. Nikafungua boksi kwa furaha. Msaidizi wangu, kijana wa Khorog anayenitafsiria, akachukua kadi moja, akaitazama, akairudisha, akachukua nyingine.

Kitajiki kinaandikwa kwa herufi za Kisirili tangu 1940 (kabla yake miaka kumi na mbili ya Kilatini, na kabla ya hapo Kiarabu). Juu ya herufi za Kirusi wameongeza sita zao: Ғ, Ӣ, Қ, Ӯ, Ҳ, Ҷ. Mashine ya mchapaji haikuwa nazo. Kila penye Қ imewekwa К, kila penye Ҳ imewekwa Х. Kwa hiyo kadi yenye picha ya vipande vya sukari, badala ya *қанд*, imeandikwa *канд*, ambalo maana yake ni "alichimba". Kuna kadi 412 zenye kosa. Nimezihesabu mwenyewe usiku huu.

Mchapaji anasema tulimpelekea faili hivyo. Faili lilikuwa sawa. Hatarudisha pesa.

Kijijini, 1 Septemba

Siku ya Maarifa, ufunguzi wa mwaka nchi nzima. Mashati meupe, utepe mweupe kwenye nywele za wasichana, maua ya bustanini. Mtoto mdogo kabisa anabebwa begani na kijana wa darasa la mwisho akipiga kengele ya mkono. Upepo wa Wakhan ukapeperusha hotuba ya direktor kabla haijasomwa. Mwalimu mkuu huku anaitwa direktor, na heshima yake ni ya direktor kweli.

Kijiji kiko karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Kupanda ngazi tatu nahema.

Kijijini, 9 Oktoba

Ufuatiliaji wa kwanza. Nimekaa dawati la nyuma, darasa la kwanza na la pili chumba kimoja, watoto 14, mwalimu ni mmoja wa wale wasichana wawili. Ukutani kuna chati ya alfabeti. A ni *anor*, komamanga. Hapa komamanga halioti. Ni juu mno na ni baridi mno. Sikuona mtoto aliyelitazama.

Mwalimu akanyanyua picha ya farasi. *"In chist?"* Hiki ni nini? Kimya. Si kimya cha watoto wasiojua. Wawili walikuwa wanatabasamu. Msichana wa mbele, mwenye soksi za sufu za rangi nne, akajibu kwa sauti ya kunong'ona: *"Yash."*

Mwalimu akatikisa kichwa. *"Asp."*

*"Asp,"* darasa zima, kwa sauti moja.

Picha ya maji. Mtoto: *"Yupk."* Mwalimu: *"Ob."* Darasa: *"Ob!"* Picha ya jua. Safari hii yule msichana wa soksi hakujibu. Alishajifunza somo la siku hiyo, nalo ni kwamba anachokijua si jibu.

Nikamgeukia msaidizi wangu anieleze. Naye hakuelewa. Anasema Kishughni, Kitajiki, Kirusi na Kiingereza, lakini Kiwakhi, lugha ya nyumbani ya watoto hawa, hajui hata salamu. Hapo ndipo nilipoona tulivyojipanga: mtoto anawaza kwa Kiwakhi, mwalimu anamuuliza kwa Kitajiki, kijana ananipa kwa Kiingereza, mimi naandika kwa Kiswahili, halafu ripoti inarudi kwa Kirusi. Na mwalimu mwenyewe ni Mwakhi! Amezaliwa nyumba ya tatu kutoka shuleni.

Baada ya kipindi nilimuuliza kwa nini asiwaache waanze na neno lao. Aliangalia mlango kwanza. Akasema shuleni ni Kitajiki. Nikasema nimeelewa, vitabu ni Kitajiki, mtihani ni Kitajiki, lakini yule mtoto amekuja juzi tu kutoka kwa bibi yake. Akasema hata yeye alipigwa "mbili" mfululizo darasa la kwanza. Huku alama ni tano mpaka mbili, na mbili ni kufeli. "Nilidhani mimi ni mjinga mpaka darasa la tatu," alisema.

Kiwakhi kinasemwa nchi nne: hapa, ng'ambo ya mto Afghanistan, kaskazini mwa Pakistan na magharibi mwa China. Mpaka wa mto huu Waingereza na Warusi waliukubaliana karne ya kumi na tisa, na ndugu wakabaki kutazamana kutoka ng'ambo mbili. Lugha ya watu wa pande zote nne haina kitabu cha darasa la kwanza katika shule hizi.

Kijijini, 11 Oktoba

Kadi ziko wapi? Nilitembelea shule tatu kwa siku tatu. Kote kadi ziko kabatini, na kabati limefungwa, na ufunguo uko kwa direktor.

Direktor wa shule ya pili alinieleza kwa upole, huku akinimiminia *shirchoy*: chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, unachovya mkate ndani, asubuhi ukishaipata hiyo unafika saa nane mchana bila njaa. Akanionyesha daftari la mali ya shule. Kadi zimeandikwa humo, 230, na saini yake iko chini. Zikipotea atadaiwa yeye. Zikichanika atadaiwa yeye. "Watoto wana mikono," alisema.

Siwezi kusema hana akili. Mfumo unamhesabia kadi, haumhesabii wasomaji. Nami ndiye niliyemletea karatasi ya kusaini.

Khorog, 2 Novemba

Nimeshuka mjini kubishana na ofisi yetu. Hoja yangu: tufute semina ya Januari, fedha yake iende kwenye vikao vya Jumamosi vijijini, shule mbili mbili, walimu wenyewe kwa wenyewe. Asubuhi mmoja anafundisha na wengine wanakaa nyuma, mchana wanaandaa somo la Jumatatu pamoja. Mimi nitakuwapo lakini sitafundisha.

Hoja yao: mkataba unasema semina mbili. Mfadhili anataka idadi ya waliofunzwa. Kikao cha watu saba mezani kwa mtu, utakiitaje kwenye ripoti?

Nilikaa na wale walimu siku kumi Agosti na sikuona aliyekosa mbinu. Muallima anajua kufundisha madarasa mawili chumba kimoja kuliko kitabu chochote nilichobeba. Ana namna yake ya kuwageuza la pili watazame dirishani wakiandika huku la kwanza wakisoma, na sikuwahi kumwona akipaza sauti. Walichokosa ni ruhusa. Ruhusa ya kutumia kadi, ruhusa ya kuanza na *yash*, ruhusa ya kuandika kwenye *zhurnal* (daftari la mahudhurio na mada, ambalo mkaguzi hulifungua kabla ya kitu kingine chochote) kwamba leo tulisimulia hadithi ya bibi. Ruhusa haitolewi ukumbini Ishkoshim. Inatolewa mbele ya direktor, ndani ya shule yake, na mtu atakayerudi wiki ijayo.

Tumekubaliana nusu nusu. Vikao vitaitwa "semina za kanda". Nauli ya walimu haina kifungu. Nitaitoa kwenye fedha ya chakula cha ukumbini.

Kijijini, 10 Novemba

Kikao cha kwanza cha Jumamosi. Walimu saba na madirektor wawili, ambao niliwaalika kwa makusudi. Nilikuja na kadi zenye kosa na kalamu za wino mweusi, nikaomba msaada: tuziongezee herufi mikia. Hakuna aliyeniuliza umahiri ni nini. Wote wakainama. К ikawekewa mkia ikawa Қ, Х ikawa Ҳ. Direktor wa kabati, yule wa shule ya pili, ana mwandiko mzuri kuliko wote. Alifundishwa hati enzi za Wasovieti na inaonekana. Alisahihisha kadi 60 peke yake. Alipomaliza, akashindwa kuzirudisha kabatini. Alishika ile ya *қанд* akamuuliza binti yule mwalimu wa darasa la kwanza: "Na kwa Kiwakhi utawaambiaje?"

Nikaitoa sheria ya lugha ya 2009. Inaweka Kitajiki kuwa lugha ya taifa, na humo humo inazitaja lugha za Pamir, ambazo Kiwakhi ni mojawapo, na kuahidi kuzilinda. Msaidizi wangu aliisoma kwa sauti. Muallima akasema alikuwa anaijua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi tukapanga hivi, na hii ndiyo mbinu nzima ya mradi kuanzia leo: dakika kumi za mwanzo, mtoto anasema kwa lugha yake. Hadithi, habari za nyumbani, picha. Mwalimu anaandika maneno matano ubaoni kwa Kiwakhi, kwa herufi zile zile za Kisirili, na mbele yake ya Kitajiki. Mengine yote ni Kitajiki.

Kijijini, 16 Novemba

Hakuna kazi ya maana mchana wa leo. Televisheni zote zimewashwa: mtambo wa kwanza wa umeme wa bwawa la Rogun umewashwa. Mwenyeji wangu, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye wajukuu wanamwita *bobo* na mimi nikaona rahisi kumwita babu, aliangalia mpaka mwisho. Kisha umeme wetu ukakatika. Akacheka mpaka akakohoa.

Kijijini, 4 Desemba

Baridi imeshika. Chumba cha darasa kina jiko la bati katikati, bomba linatokea dirishani penye kioo kilichokatwa duara. Makaa ya mawe ya serikali yalikuja, lakini kila mtoto bado anafika na kitu mkononi: kipande cha mti, kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa kama chapati nene. Saa mbili asubuhi wote wako na makoti. Saa tatu dawati la mbele linatoa jasho na la nyuma linatetemeka, kwa hiyo walimu huwazungusha watoto kila kipindi. Hakuna semina iliyowafundisha hilo. Nimeliandika kwenye ripoti chini ya "usimamizi wa darasa".

Leo mwalimu wa jiografia alinihesabia maisha yake. Mshahara unalipwa kwa *stavka*, yaani kwa mzigo wa vipindi, kwa hiyo amechukua mzigo mmoja na nusu. Jioni ana ng'ombe wawili. Kiangazi anaendesha watalii wanaokuja kuona ngome ya Yamchun na chemchemi za maji moto za Bibi Fatima juu yake. Aliniambia siku nne za mtalii ni sawa na mwezi wa ubao. Kisha akaniomba radhi kwa kuchelewa kikao cha Jumamosi iliyopita. Mimi ndiye niliyeona aibu.

Januari 2019

Likizo ya baridi, halafu theluji, halafu maporomoko juu ya barabara. Nimekwama Khorog siku 19. Mwalimu wetu wa shule ya nne ameondoka na mumewe kwenda Urusi. Darasa lake limeunganishwa na la Muallima, sasa ana watoto wa madarasa matatu.

Kijijini, 12–13 Februari

Siku hii niiandike yote.

Darasa la pili, kwa Muallima. Wazo si langu wala la mradi. Jumamosi iliyopita yule binti mwalimu wa darasa la kwanza alisema watoto wake hawaoni sababu ya kuandika, maana kila wanayemjua wanaweza kumwita dirishani. Muallima akasema: "Siyo kila wanayemjua." Kati ya watoto tisa wa darasa lake la pili, saba baba zao wako Urusi.

Leo akawaambia waandike barua. Kwanza wasimulie kwa Kiwakhi, mmoja mmoja, karibu na jiko. Mtoto wa tatu alikuwa kijana mfupi ambaye tangu Oktoba sijamsikia. Alianza na *"Tat,"* baba, akanyamaza, nikadhani ndiyo mwisho wake. Kisha yakatoka yote kwa mkupuo, na darasa likaacha kuchokonoa jiko. Muallima alinitafsiria baadaye: ng'ombe amezaa usiku wa Ijumaa, ndama ana doa jeupe, mama alimkausha kwa fulana yako ya zamani, ile ya bluu, usikasirike.

Wakaandika. Aliandika nusu Kiwakhi nusu Kitajiki kwa herufi zilizolala upande. Muallima hakugusa kalamu nyekundu. Alimuuliza tu: baba akiisoma mbele ya wenzake wa kazini, Watajiki wa mkoa wa Khatlon, wataelewa? Mtoto akafikiri. Akaomba neno la Kitajiki la ndama, kisha la doa, kisha la kukausha. Maneno matatu aliyoyadai mwenyewe. Nimekaa madarasani miaka 22 na naweza kuhesabu mara nilizoona mtoto akidai neno.

Barua zikapigwa picha kwa simu, zikatumwa jioni mtandao uliporudi. Asubuhi yake jibu la sauti lilikuwa limefika kutoka Moscow, kelele za ujenzi nyuma. Muallima aliiweka simu juu ya dawati, watoto wakainamisha vichwa. Baba alicheka kuhusu fulana. Kisha akauliza: doa liko wapi, usoni au mgongoni? Hukuandika.

Kijana alishafungua daftari kabla sauti haijaisha.

Kijijini, 2 Machi

Mkaguzi amekuja bila taarifa. Tulikuwa kwenye kikao. Ubaoni kulikuwa na safu mbili, Kiwakhi na Kitajiki, na mwalimu wa jiografia akafanya kama anataka kufuta. Direktor, yule wa kabati, akamshika mkono.

Mkaguzi alitazama ubao, akafungua zhurnal, akasoma ukurasa mzima. Akawauliza watoto kwa Kitajiki walichosoma wiki hii. Msichana wa soksi za rangi nne akasimama, akajibu sentensi tatu. Ya pili ilikuwa na kosa la sarufi na akalirekebisha mwenyewe. Mkaguzi hakusema kitu juu ya lugha, wala kusifu wala kukemea. Alichoandika kwenye daftari la wageni ni hiki: zana za kufundishia zimechorwachorwa kwa kalamu, uongozi wa shule uchukue hatua.

Direktor alinisomea mara mbili, mara ya pili kwa kiburi kidogo.

Kijijini, 21 Machi

Navruz, sikukuu ya mwaka mpya. Shule imefungwa. Nyumba ya Kipamir ina nguzo tano na dirisha moja tu juu ya dari, la miraba minne inayopandiana, na leo mwanga wake ulikuwa na vumbi la unga: wanawake wanachora kuta na nguzo kwa unga kutakia heri. Nimekula sana. Nikaombwa nieleze bahari. Nilishindwa.

Kijijini, 27 Aprili

Upimaji wa mwisho. Watoto wa darasa la pili katika shule sita ni 61. Septemba tuliwapa kila mmoja mstari mmoja wa Kitajiki asome, 38 hawakuweza. Juma hili ni 17.

Ofisi itapenda namba hiyo, kwa hiyo niandike yaliyo chini yake. Watoto wamekua miezi minane na wangesoma zaidi hata nisingefika. Kati ya hao 17, 11 wako shule mbili tu. Moja ni ile iliyopoteza mwalimu Januari. Nyingine ni ya direktor aliyehudhuria vikao vyote, akaitikia kwa kichwa vyote, na kabati lake bado limefungwa. Sikumpata. Nilimwendea mara tano, mara ya mwisho na Muallima, na alitupa chai nzuri.

Kosa langu: nilichelewa kuwaita madirektor. Wangekuwapo Agosti, siku ya kwanza, wakae madawati ya mbele. Atakayekuja aanze nao. Na asichapishe kitu mji mkuu bila kuiona karatasi ya kwanza kwa macho yake.

Fedha: nauli za vikao 14 zimelipwa zote. Kalamu nyeusi zilinunuliwa mara tatu.

Vikao vya Jumamosi vitaendelea shule nne. Wamepanga zamu mpaka Novemba bila kuniuliza, na jina la mradi halimo kwenye karatasi yao. Imebandikwa ukutani kwa Muallima, juu ya vyeti.

Kijijini, 25 Mei

Kengele ya mwisho. Mashati meupe tena. Miti ya aprikoti imeshapukutisha maua na mto umejaa matope ya theluji iliyoyeyuka.

Mchana tulifanya makabidhiano ya mali. Shule ya pili: direktor alikuwa na daftari lake, mimi nina langu. Kadi 230 kwenye karatasi. Tulizihesabu mezani pamoja na wale wasichana wawili walimu, ambao siku hizi ufunguo wa kabati uko kwao. Zilikuwa 216. Nyingi kona zimekunjika. Moja ina alama ya meno. Kadi ya *asp* ina neno *yash* nyuma yake kwa mwandiko wa mtoto.

Zilizopungua ni 14. Moja nimeiona mwenyewe kwa bobo, imechomekwa kwenye nguzo, yenye picha ya jua. Sikuitaja. Direktor alikaa na kalamu mkononi muda mrefu juu ya safu ya "sababu". Kuandika "zimepotea" ni kudaiwa. Akaniuliza Tanzania tunaandikaje.

Nikamwambia. Akaandika kwa hati yake ile nzuri: *zimechakaa kwa matumizi ya darasani, 14*. Tukasaini wote wanne.